Buibui wa Majina Mawili

Sikujua binti Bwanaheri hakuwa mtu wa kuweka vinyongo. Jirani aliyemsengenya alimsalimu kama kawaida, na hata nguruwe pori walipomaliza shamba lake la mihogo kule Mbwara alisema nao wana watoto wa kulisha. Lakini kuna mtu mmoja ambaye yeye alimchukia kwa miaka sita mfululizo. Chuki hiyo aliilea kwa uangalifu, akailisha, wala hakutaka mtu yeyote amwombee dua imtoke. Mtu huyo alikuwa Dakta Nicolaus, mtafiti wa buibui.

Sikujua alizaliwa na kukulia Mbwara, katika ukoo wa Kimatumbi. Ukisimama nyuma ya nyumba ya baba yake unaviona vilima vikipandana kuelekea kusini, na kimoja kati ya hivyo, Ngongele, kina msitu kileleni ambao haukauki hata kiangazi. Asubuhi ukungu hukaa juu yake mpaka jua likolee. Mzee Bwanaheri alikuwa mlina asali. Hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo alipanda na binti yake. Alimfundisha kumshika nyuki mmoja kwa macho, kumfuata kwenye jua na kwenye kivuli, na kutompoteza hata akipita mbele ya majani elfu. "Anayetazama mti haoni kitu," alikuwa akimwambia. "Tazama kinachopita mbele ya mti."

Akaolewa na Mrisho, mkulima wa palepale Mbwara, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Wakalima ufuta na mihogo, wakapata binti, wakamwita Muzdalifa, wakamlea mpaka naye akaolewa Ikwiriri. Pengine maisha yao yangeisha hivyo bila habari ya kusimulia, kama si ule mwezi wa Juni, mwaka elfu mbili na kumi na nane, Dakta Nicolaus alipoingia kijijini na gari lake na barua ya ruhusa. Alikuwa mtu wa bara, mwalimu wa chuo kikuu, mrefu, mwenye sauti ya upole. Alitafuta watu wanaoujua msitu wa Ngongele. Kijiji kizima kilimwelekeza kwa Sikujua.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Sikujua alipewa mwavuli mweupe. Aliugeuza juu chini, akaukinga chini ya tawi, kisha akalipiga tawi kwa fimbo, na vilivyodondoka mwavulini, majani, vijiti, wadudu, alivichambua kwa macho mpaka ampate buibui. Mrisho alipewa chekeche. Yeye alizoa majani makavu ya ardhini kwa mikono, akayachekecha juu ya shuka, akaokota vilivyotambaa. Kila buibui alitiwa kwenye kichupa chenye spiriti, na ndani yake kikatiwa kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, na jina la aliyemkamata. Vikaratasi aliviandika Dakta mwenyewe. Sikujua alisoma mpaka darasa la saba, na kusoma hakukumshinda. Siku ya tatu aligundua kwamba kila kikaratasi kilikuwa na jina moja tu, la Nicolaus. Alidhani ndivyo taratibu zao zilivyo.

Wiki ya pili alimwona yule buibui.

Hakumwona mwavulini. Alimwona amesimama juu ya jani pana, kando ya kijito, mdogo kuliko punje ya mchele. Alikuwa mweusi kama masizi, ana mstari mweupe kwenye paji la uso, na miguu yake ya mbele ina manyoya ya rangi ya manjano. Alikuwa wa aina ile ya buibui wasiotega utando, wale wanaowinda kwa kuruka. Sikujua alimwita Dakta kwa mkono bila kupaza sauti. Dakta alipiga magoti kwenye tope, akatoa kioo chake cha kukuza, akatazama muda mrefu.

"Huyu hana jina," alisema hatimaye, kioo bado kiko jichoni. "Nimewatazama buibui kwa miaka kumi na saba. Huyu hajaandikwa popote."

"Sisi tumezoea kumwona," alisema Sikujua.

"Kuona si kuandika, mama."

Siku nne baadaye, kwenye kijito kilekile, Sikujua aliona jambo kubwa zaidi. Buibui mweusi alikuwa ameinua miguu yake ya manjano, anayumba kushoto na kulia, anapiga hatua mbili, anasimama, anatikisa mwili. Mbele yake, kimya, kulikuwa na buibui mwingine, mnene zaidi, wa rangi ya jani kavu, hana urembo wowote. Sikujua alikaa pale karibu nusu saa. Alimwona mweusi akimkaribia yule wa kahawia mpaka wakagusana, kisha akampanda. Huhitaji hadubini kulijua jambo hilo.

Alimwambia Dakta mchana uleule, walipokuwa wanakula. "Yule mweusi ni dume. Jike wake ni yule wa kahawia, nimewaona pamoja."

Dakta alitabasamu. Alimgeukia dereva wake, kisha akamgeukia tena Sikujua. "Bi Sikujua, jina lako lenyewe linajieleza. Sikujua." Dereva akacheka. "Hawa wa kahawia wamejaa msituni, wa kila namna. Dume na jike hatuwaoanishi kwa kuwaona wamesimama jirani. Dume tunamtambua kwa vikono viwili vilivyo mbele ya kinywa, jike kwa umbo lililo chini ya tumbo, na vyote viwili ni kazi ya hadubini. Wewe nitafutie buibui. Kuwajua niachie mimi."

Mrisho aliinama akaendelea kula. Sikujua naye aliinama, masikio yakimwaka moto. Angeweza kulisahau hilo nalo.

Lililofuata ndilo ambalo hakulisahau.

Ilikuwa asubuhi, kwenye saa tatu, siku ya mwisho ya kazi. Mrisho alitia mkono wa kulia kwenye lundo la majani makavu, na ndani yake alikuwamo kifutu, nyoka mnene mvivu anayefanana na majani hayohayo. Akamuuma juu kidogo ya kiganja. Mrisho hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama Muzdalifa, nimeumwa," akakaa chini. Waliteremka kilima wakiwa wameshikana, Sikujua akimbeba nusu, na walipofika kwenye gari kiganja kilikuwa kimevimba, kimekuwa kama si cha mtu.

Dakta alikuwa ametangulia kushuka. Sanduku la vichupa lilikuwa limeshawekwa kiti cha nyuma, limefungwa mkanda kama abiria. Alimtazama Mrisho, akatazama saa.

"Tupeleke hospitali, Dakta," alisema Sikujua.

"Hospitali ni njia ya huku, na mimi naelekea kule. Nina mgeni anatua Dar leo jioni, ndiye anayegharamia utafiti wote huu. Nikizunguka hospitali sitamwahi." Sauti yake ilikuwa ileile, ya upole. "Naagiza bodaboda. Inakuja sasa hivi. Bodaboda ni nyepesi, itapita njia ya mkato."

"Mtu ameumwa na kifutu."

"Ndiyo maana naagiza haraka, mama."

Gari likaondoka. Bodaboda ilifika baada ya saa moja na nusu, na njiani ikapasuka tairi. Walifika hospitali alasiri, Mrisho akiwa hajitambui. Madaktari walifanya kila waliloweza. Siku ya tisa wakaukata mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, ili wauokoe mwili.

Dakta Nicolaus alituma ujumbe kwenye simu wa neno moja: Poleni. Hakupiga simu, hakuja, hakuuliza tena.

Mkulima wa jembe la mkono akibaki na mkono mmoja, shamba humkimbia. Walihama Mbwara wakaja Kibiti, wakapanga vyumba viwili nyuma ya barabara kuu. Sikujua akafungua genge la chakula, muhogo wa nazi, samaki na maharage, kwa madereva na watumishi wa ofisi. Mrisho alijifunza upya kila kitu. Kufunga kikoi, kushika kisu, kutawadha. Lililomtesa zaidi lilikuwa kula. Muungwana hali kwa mkono wa kushoto, wala hampi mtu kitu kwa mkono huo. Kwa miezi ya mwanzo alikuwa akila peke yake chumbani, amegeukia ukuta.

"Aliyeniuma ni nyoka," alimwambia mkewe, siku moja alipomwona amenyamaza mno. "Dakta hakuniuma."

"Nyoka hakuwa na gari," alijibu Sikujua.

Ndipo alipoanza kungoja. Hakujua anangoja nini. Alijua tu kwamba siku moja mtu yule atahitaji kitu, na kitu hicho kitakuwa mikononi mwake.

Miaka miwili ilipita. Siku moja asubuhi gari lilelile likasimama mbele ya genge, na Dakta Nicolaus akashuka, amenenepa kidogo. Aliagiza chai. Aliuliza habari za barabara, habari za mvua, habari za mazao ya Mbwara. Habari za Mrisho hakuuliza. Sikujua alimmiminia chai mpaka ukingo wa kikombe.

"Bi Sikujua, nakuhitaji siku tatu tu. Nina madume wanne wa yule mweusi, na nina majike wawili wa kahawia ambao nao hawana jina. Nataka vielelezo zaidi kabla sijaandika. Wenzako kule kijijini wamepanda mara mbili wakarudi mikono mitupu. Hakuna mwenye macho kama yako."

"Nitapanda," alisema Sikujua.

Mrisho alipopata habari aliuliza, "Unajua unachokifanya?" Naye akasema anajua.

Wakapanda Ngongele. Siku ya pili, wakiwa kwenye kijito, Dakta alikuwa anakagua kichupa kwenye mwanga. Akasema, kama anayejisemea, "Wewe kuna neno uliwahi kuniambia kuhusu hawa. Kwamba mweusi na wa kahawia ni dume na jike. Ulikuwa na hakika?"

Sikujua alikuwa amekinga mwavuli chini ya tawi. Aliupiga ule mti fimbo tatu kabla ya kujibu. Hapo alilitambua alilokuwa akilingoja kwa miaka miwili. Kisima kilikuwa kimeshachimbwa, na mchimbaji mwenyewe alikuwa anauliza kama mbele ni salama.

"Nilikuwa nasema tu, Dakta," alisema. "Mimi najua nini? Wewe ndiye mwenye hadubini."

"Lakini umewaona wakikaa pamoja?"

"Hapana. Wa kahawia wanakaa upande wa pili wa mlima, kule kwenye kavu. Huku kijitoni wako weusi watupu."

Ulikuwa uongo mtupu. Aliuongopa kwa uso mkavu, na kesho yake akampeleka upande wa pili wa mlima, akamtolea mwavulini majike watatu wa kahawia ambao alikuwa amewakamata alfajiri kule kijitoni na kuwabeba kwenye pindo la kanga. Dakta aliandika kwa penseli: mteremko wa kusini, pakavu. Aliridhika sana. Alipomshusha Kibiti alimshukuru, akamwambia kazi hii itaipa nchi sifa.

Mwaka uliofuata habari ilitoka. Mteja mmoja pale gengeni, Mwalimu Wilhelmina, aliyefundisha baiolojia katika sekondari moja ya Kibiti, alimwonyesha Sikujua simu yake. "Mama, si uliniambia kwenu ni karibu na Ngongele? Tazama, wamegunduliwa buibui wawili wapya huko." Kwenye picha Dakta Nicolaus alikuwa ameshika mwavuli mweupe. Wilhelmina alimsomea. Buibui mweusi alikuwa amepewa jina la Kilatini lenye jina la mlima ndani yake. Yule wa kahawia, spishi nyingine kabisa, inayoishi upande mkavu, alipewa jina la ukoo wa yule mgeni wa nje aliyegharamia utafiti. Aliyewakamata, Nicolaus. Walioshukuriwa, watu kumi na mmoja. Jina la Sikujua halikuwamo, wala la Mrisho.

Sikujua akacheka. Wilhelmina alishangaa, maana hakuwahi kumwona akicheka.

"Mwalimu," alimwambia, "hao si wawili. Ni mtu na mkewe."

Mwalimu Wilhelmina alikuwa binti wa Wangoni kutoka Songea, wa miaka ishirini na tisa, na hakuwa mtu wa kuamini neno kwa kuwa limesemwa kwa uchungu. Alisikiliza kisa chote, cha kijito na cha kifutu, kisha akasema, "Kwenye sayansi, mama, hasira haihesabiwi. Lete ushahidi."

"Ushahidi gani?"

"Ule ambao mtu akiuona hana la kujibu."

Sikujua alifikiri kwa siku mbili. Kisha akapanda gari mpaka Mbwara, akapanda kilima peke yake, akarudi na jani lililokunjwa. Ndani ya jani alikuwamo buibui mmoja wa kahawia, na chini yake kifuko cheupe cha mayai alichokuwa akikilalia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kama wa kahawia ni kabila lake peke yake, watoto wake wote watakuwa wa kahawia. Kama ni mke wa mweusi, ndani ya kifuko kimoja watatoka wa namna mbili.

Lakini Kibiti kuna joto, na buibui wa mlima hataki joto. Kifuko cha kwanza kilikauka. Cha pili watoto walitoka kama vumbi, wakafa ndani ya wiki. Wapangaji wenzake walianza kunong'ona, mama wa genge anafuga buibui, kuna jambo hapo. Mwenye nyumba alikuja kuuliza kwa adabu kama ni uganga. Sikujua alimjibu kwamba ni masomo. Kwa mara ya tatu alichukua mitungi miwili mikubwa ya udongo, akaijaza mchanga mbichi nusu, akapanga vichupa vya plastiki juu ya mchanga, kila mtoto kwenye kichupa chake ili wasilane, akatoboa matundu kwa sindano, akaifunika kwa gunia lenye maji. Aliwalisha nzi wadogo wanaojaa kwenye ndizi zilizoiva. Mrisho ndiye aliyekuwa akilimwagia maji lile gunia, asubuhi na mchana, wakati mkewe yuko gengeni. Hakuwahi kusema kama anaona ni jambo jema. Alimwagia tu.

Watoto walikuwa ishirini na sita. Kwa miezi wote walikuwa wa kahawia, kila wakijivua ngozi wanatoka wa kahawia, na Sikujua akaanza kukosa usingizi. Kisha, Ijumaa moja, Mrisho alikuja gengeni akiwa na kichupa mkononi, akakiweka juu ya meza. Ndani kulikuwa na gamba tupu la kahawia, na pembeni yake buibui mweusi, ana mstari mweupe kwenye paji la uso. Kufikia mwisho wa mwezi weusi walikuwa kumi na wawili, na wa kahawia waliobaki kumi na mmoja, mama yao mmoja, kifuko kimoja. Watatu walikuwa wamekufa.

Wilhelmina alipiga picha kila kichupa na kila gamba. Aliwatia baadhi kwenye spiriti, akaomba kutumia hadubini, akamwandikia mtaalamu wa buibui katika makumbusho moja ya nje. Jibu lilikuja refu. Kisha akaja gengeni jioni akiwa na uso mzito.

"Mama, inaandikika. Itakuwa na majina mawili ya waandishi, lako na langu. Lakini kuna jambo. Makala yake inasema wa kahawia wanaishi upande wa kusini, pakavu. Alilitoa wapi neno hilo?"

"Kwangu."

"Ulikosea?"

"Nilidanganya."

Wilhelmina alivuta benchi akakaa. "Basi siwezi kulificha," alisema. "Kama nikiandika kosa lake na nikafunika uongo wako, mimi nitakuwa mtu wa namna gani? Nitaandika, ila na hilo litaandikwa. Watu watalisoma, mama. Hawatakupenda."

Alitazamia Sikujua akatae. Sikujua alikuwa anamenya muhogo, hakusimamisha kisu. "Andika," alisema. "Weka na neno 'kwa makusudi'. Sitaki adhani ni bahati mbaya."

Kulikuwa na jambo moja zaidi, ambalo yule mtaalamu wa makumbusho ndiye aliyelieleza. Buibui mmoja hawezi kuwa na majina mawili, na kwa kawaida jina lililotangulia kuchapwa ndilo hubaki. Lakini haya yalichapwa siku moja, katika makala moja. Sheria ya majina inasema, yakiwa hivyo, yule wa kwanza kuyasahihisha ndiye anayechagua lipi libaki na lipi lifutwe.

"Yaani sisi?" aliuliza Sikujua.

"Sisi. La mlima, au la yule mgeni."

Sikujua aliweka kisu chini. Katika maisha yake yote hakuwahi kuulizwa swali tamu kama lile. Alimkumbuka mgeni aliyewahiwa uwanja wa ndege, akakumbuka tairi ya bodaboda ikipasuka barabarani na Mrisho akining'inia kwenye mabega yake. Alinyamaza kidogo makusudi, ili raha ile isiishe haraka.

"La mgeni life," alisema.

Makala ilitoka mwaka elfu mbili na ishirini na nne, maji ya mafuriko ya mwaka huo yalipokuwa ndiyo kwanza yamepungua bondeni. Wilhelmina aliichapisha kwenye karatasi, na Sikujua akalitazama jina lake likiwa limeandikwa juu, la kwanza, mbele ya la mwalimu.

Dakta Nicolaus alikuja baada ya wiki tano. Ilikuwa saa tano asubuhi, wateja wa chai wamekwisha, wa mchana hawajaanza. Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Nimesoma," alisema.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Pale panaposema ulinidanganya kwa makusudi." Alikuwa ameishika ile karatasi, imekunjwa mara nne. "Kwa nini? Ungekuja kwangu tukarekebisha pamoja, jina lako lingekuwamo."

"Nilikuja kwako. Mwaka wa kumi na nane, nikiwa na mwavuli wako mkononi. Ukaniambia jina langu linajieleza."

Alijaribu kukumbuka, na Sikujua aliona wazi kwamba hakumbuki. Hilo lilimkera, kisha likamfurahisha, maana lilimwonyesha kwamba hakukosea kumchukia.

"Yule mzee aliyegharamia utafiti alikuwa amelitundika jina lile ukutani kwake," alisema Dakta taratibu. "Kwenye fremu, pamoja na picha. Ameniandikia kuuliza buibui wake amekwenda wapi. Utafiti unaofuata amempa mtu mwingine. Chuoni wanafunzi wanacheka kwamba nimewaachanisha mume na mke kwa kuwapa majina mawili."

"Wewe umemjibu nini huyo mzee?"

Sikujua alimwacha akae na swali lile. Akapangusa meza, ambayo haikuwa na uchafu.

Ndipo Mrisho alipoingia kwa mlango wa nyuma na ndoo ya maji. Aliiweka chini, akamwona mgeni, akamtambua. Dakta aliinuka na kunyoosha mkono wa kulia, kama mtu yeyote angefanya. Mrisho akampa wa kushoto.

"Uniwie radhi, Dakta," alisema. "Wa kulia sina."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anavyomwambia kila mtu. Dakta Nicolaus aliutazama mkono wa shati uliokunjwa na kubanwa kwa pini, na mkono wake mwenyewe ukabaki hewani. Alikuwa hajui. Miaka sita, na alikuwa hajui.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Hukuuliza," alisema Sikujua. "Ulikaa hapo ulipokaa sasa ukaniuliza habari za mvua."

Alimtazama usoni. Aliutazama uso ule ukibadilika, na hakugeuza macho hata kidogo. Macho ya mlina asali yalimfaa siku hiyo. Kosa la buibui lilikuwa limemuumiza Dakta kwenye heshima. Hili lilimfika kwingine, na Sikujua aliliona likifika.

Dakta alikaa chini tena. Baada ya muda alimwomba Mrisho msamaha, kwa maneno ya kukatikakatika.

"Mimi nilishakusamehe zamani," alisema Mrisho. "Nisingeweza kulala. Lakini mwenye kesi ni huyu."

Dakta akamgeukia Sikujua.

"Mimi bado," alisema Sikujua. "Na sikuahidi kwamba nitaweza. Umekula?"

Akampakulia muhogo na samaki, maana mgeni ni mgeni. Mrisho naye alivuta benchi akakaa mbele yake, akanawa, akala kwa mkono wa kushoto, hadharani, bila kugeukia ukuta. Dakta alikula kidogo sana. Alipoondoka alisahau karatasi yake mezani.

Mrisho alilingoja gari lipotelee barabarani. "Umeridhika, Mama Muzdalifa?"

Sikujua alilifikiria swali hilo kwa haki. "Robo tatu," alisema.

"Na hiyo robo iliyobaki?"

"Hiyo ni ya mkono. Hiyo siiachi."

Mrisho akatikisa kichwa, akamimina maji kwenye sufuria la maharage.

Mwaka uliofuata walikuja watafiti wengine, vijana watatu waliosoma ile makala, wakitaka kupandishwa Ngongele. Sikujua aliwapa masharti mawili. Kila kikaratasi kitaandikwa jina la mtu aliyemkamata buibui kwa mkono wake. Na gari litakaa chini ya mlima, dereva ndani, mpaka mtu wa mwisho ashuke, awe msomi au mbeba maji. Mmoja wao alicheka, akauliza kama la pili ni lazima. Sikujua alimwambia yeye abaki Kibiti. Wale wawili walipanda.